Miraba 36: kuunda roboti ya kuchora inayorudi ilipoanzia

Roboti ya kuchora iliyoundwa nyumbani ina mtihani mmoja usio na huruma. Iambie ichore mraba wenye upande wa mm 100, igeuke nyuzi 10, ichore mwingine, na iendelee hivyo mpaka miraba 36 itimie. Kwenye kioo cha kompyuta hutoka ua la mviringo lililokamilika. Karatasini, roboti nyingi hutoa shada lililokanyagwa: upande mmoja mistari imesongamana, upande mwingine pana uwazi, na mraba wa mwisho umepotea njia kabisa.

Sababu ni hesabu ya darasa la saba. Kila mraba una nyuzi 360 za kugeuka. Ongeza 10 za kuhamia mraba unaofuata, zidisha kwa 36, unapata nyuzi 13,320. Kosa la nusu asilimia katika kugeuka hukusanyika kuwa nyuzi 66, na nusu asilimia hiyo waweza kuipata bila kukosea kitu chochote, kwa kuamini tu namba inayotajwa kila mahali kuhusu mota yako. Kwa hiyo makala haya yatakaa zaidi kwenye vipimo. Mchoro mzuri hufuata wenyewe magurudumu yakishajulikana.

Mota

Vifurushi vingi vya roboti vinavyouzwa tayari huja na mota za njano za gia ya plastiki na bodi ya L298N ya kuziendesha. Kwa gari la kukwepa ukuta zinatosha. Kwa kuchora, ziache. Mota mbili za aina hiyo hazizunguki kwa kasi moja hata ukizipa umeme uleule, na kasi hubadilika kadiri betri inavyoshuka. Wengine hujaribu kuziokoa kwa diski yenye matundu 20 inayohesabiwa na kihisi cha mwanga. Gurudumu la mm 65 lina mzingo wa mm 204, hivyo kila tundu ni zaidi ya sentimita moja. Huwezi kuchora pembe ya mraba kwa rula ya namna hiyo.

Chukua mota za stepa, yaani zinazozunguka kwa hatua ndogondogo zinazohesabika, 28BYJ-48 mbili za volti 5, kila moja na bodi yake ya kuiendesha ya ULN2003. Ni za bei ya chini, ni za polepole, na kwa kazi hii upole huo ni faida. Mota hizi hutumika pia kusukuma mapezi ya viyoyozi, na mafundi wa friji wanazo kwenye makopo ya vipuri. Ukipewa ya bure soma maandishi ya ubavuni: za viyoyozi mara nyingi ni za volti 12, na ukizilisha volti 5 zitatetemeka tu bila nguvu.

Sasa hiyo namba. Utaambiwa kila mahali kwamba mota hii ina nusu-hatua 4,096 kwa mzunguko mmoja, yaani 64 mara gia ya 64 (kuanzia hapa, tukisema hatua tuna maana ya nusu-hatua hizi). Katika mota nyingi za aina hii, ukihesabu meno ya gia zilizomo ndani, uwiano ni 63.68 na ushee, kwa hiyo mzunguko mmoja ni nusu-hatua 4,076 hivi. Tofauti ni hatua 20 katika 4,096. Nusu asilimia. Ndiyo ileile inayoharibu ua. Zipo pia chache ambazo ni 64 kamili, kwa hiyo usibishane na mtu: chora alama kwenye gurudumu, amuru hatua 40,960, uangalie. Kama mota ni ya 64 kamili, alama itarudi palepale baada ya mizunguko kumi. Kama ni ya 63.68, itapita kwa takriban nyuzi 18, na jicho linaona.

Fremu na magurudumu

Kata plaiwudi ya mm 3 au 4 kwa umbo la duara lenye kipenyo cha mm 150. Duara lina sababu yake: roboti ikigeuka palepale haigongi kitu na haikwanyui selotepu ya pembeni. Toboa katikati kabisa tundu la kalamu, na kila upande kata ufa wa mm 70 kwa 10 wa kupitishia gurudumu, mm 55 kutoka katikati. Mota hukaa juu ya bamba zikitazama nje, kila moja imefungwa kwa skrubu za M4 kwenye kipande cha alumini cha mm 1.5 kilichokunjwa kama herufi L. Matundu ya masikio ya mota yameachana kwa mm 35.

Angalia jambo moja ambalo huwapotezea watu jioni nzima. Shafti ya mota hii haiko katikati ya mwili wake. Imesogea mm 8 upande ulio mkabala na waya. Ukifunga mota moja waya zikiwa mbele na nyingine zikiwa nyuma, shafti mbili hazitakuwa kwenye mstari mmoja, na roboti itachora kama mlevi hata hesabu ikiwa safi. Elekeza waya juu kwa mota zote mbili. Shafti zitashuka chini pamoja, na mwili wa mota utabaki juu ya karatasi kwa nafasi ya kutosha.

Gurudumu pana la mpira ni adui. Likiwa na upana wa mm 25, hujui ni sehemu gani hasa inayogusa karatasi: leo ukingo wa ndani, kesho wa nje, na umbali kati ya magurudumu hubadilika bila taarifa. Tengeneza diski ya mbao au akriliki yenye kipenyo cha mm 62, ichonge mfereji wa kina cha mm 1 ukingoni, kisha ivalishe oringi ya unene wa mm 3, ile ya kuzibia mabomba. Oringi inagusa karatasi kwa mstari mwembamba. Kipenyo cha nje kinakuwa mm 66 kwenye rula. Uzito wa roboti ukiikandamiza kitapungua kidogo, na tutakipima baadaye. Diski ukishaikata, ifunge kwenye drili, izungushe taratibu huku umeshika msasa ukingoni hadi iache kuyumba. Kwa kuiunganisha na shafti, habu ya shaba ya mm 5 yenye skrubu ya kubana ni bora kuliko gundi. Skrubu ibane kwenye ubapa wa shafti, isibane kwenye duara lake.

Tegemeo la tatu lisiwe kigurudumu kinachozunguka kama cha kiti cha ofisi. Kila roboti inapobadili mwelekeo, kigurudumu hicho hupinduka na kuisukuma pembeni, na utaona kajino kadogo mwanzoni mwa kila mstari. Kinachofaa ni mpira usio na mwelekeo. Kichwa cha deodoranti ya kupaka, ile yenye kigololi, ukikiosha mafuta yote na kukikausha, hufanya kazi hii vizuri sana. Kiweke mm 60 nyuma ya mhimili wa magurudumu. Kisha sogeza betri hadi kitovu cha uzito kiwe mm 15 nyuma ya mhimili: hapo robo ya uzito iko kwenye mpira na robo tatu zinakandamiza magurudumu. Betri ikiwekwa mkiani kabisa, magurudumu yatateleza. Ikiwekwa juu ya mhimili hasa, roboti itainamia mbele kila inaposimama.

Kalamu

Ncha ya kalamu lazima iwe katikati ya mstari unaounganisha sehemu mbili ambazo magurudumu yanagusa karatasi. Ikikosea kwa mm 2, kila kona ya mraba itakuwa na kitao kidogo cha nusukipenyo cha mm 2, kama ndoana ya samaki. Kipimo chake ni rahisi. Shusha kalamu, amuru roboti igeuke palepale mzunguko mzima. Ikitoka nukta, uko sawa. Likitoka duara, kipenyo chake gawanya kwa mbili, ndiyo umbali uliokosea. Sogeza mshikio wa kalamu kwa kiasi hicho kuelekea katikati ya duara.

Kosa kubwa la pili ni kuitumia servo, mota ndogo inayogeuza mkono wake kwa pembe unayoiamuru, kuikandamiza kalamu. Nguvu yoyote inayosukuma kalamu chini inainua roboti juu, na roboti ikiinuka magurudumu yanapoteza mshiko. Kalamu ianguke kwa uzito wake ndani ya mrija ulionyooka, na servo kazi yake iwe kuinua tu. Vika kalamu pete, hata ya selotepu iliyozungushwa mara kadhaa, na mkono wa servo ya SG90 upite chini ya pete hiyo uinyanyue mm 3 hadi 5. Mkono ukishuka, usiiguse pete hata kidogo. Kati ya kalamu na mrija acha nafasi isiyozidi nusu milimita. Ikizidi, ncha itainama upande roboti inapotoka, na mistari ya kwenda haitalaliana na ya kurudi. Ikiwa kalamu ni nyembamba kuliko mrija, izungushie selotepu mahali pawili, juu na chini, usiizungushie urefu mzima maana itakwama.

Bolpeni haifai, inahitaji kukandamizwa. Makapeni ya ncha ya mm 1 huandika kwa kugusa tu, lakini inaposimama kwenye kona wino hujikusanya na kuacha doa, hasa kwenye karatasi laini inayonyonya. Kalamu ya jeli ya mm 0.7 ndiyo tunayoipenda kwa maua yenye mistari mingi, ukiwa umeiongezea nati moja au mbili juu kama uzito. Baada ya kuinua au kushusha, programu isubiri milisekunde 300 kabla ya magurudumu kuanza. Bila kusubiri utapata mikia kwenye mwanzo wa kila mstari.

Umeme

Kila koili ya mota hizi ina omu 50 hivi, kwa hiyo koili mbili zikiwaka pamoja kwa volti 5 mota hula hadi miliampea 200, na mota mbili 400. Servo ikianza kusogea huongeza mshtuko wa ghafla juu yake. Usiupitishe umeme huo kwenye pini ya 5V ya Arduino Nano, bodi ndogo inayobeba programu ya roboti. Chukua pawabenki ndogo, kata waya wa zamani wa USB, na toa umeme wake kwenye njia tatu sambamba: bodi za mota, servo, na Nano. Hasi zote zikutane. Hasi isipokuwa ya pamoja, mota zitafanya vituko visivyoelezeka.

Karibu na servo lehemu kapasita ya mikrofaradi 470 hadi 1,000 ya volti 10 au zaidi, ukiangalia upande wa hasi. Dalili ya kuikosa ni hii: roboti inachora vizuri, inafika pa kuinua kalamu, halafu inaanza mchoro upya kutoka mwanzo juu ya ule wa kwanza. Watu huifukuza hitilafu hiyo ndani ya programu kwa siku mbili. Volti ilishuka sekunde moja, Nano ikajizima na kujiwasha, basi.

Pawabenki nazo zina tabia yao. Nyingi hujizima zikiona matumizi ni madogo mno, kwa mfano ukiwa umezima koili zote huku ukisubiri kubadilisha kalamu. Ukiacha koili ziwake wakati wa mapumziko mafupi, tatizo linaisha, ingawa mota zitapata joto. Kupata joto ni kawaida yake.

Tumia pini D2 hadi D5 kwa mota ya kushoto, D6 hadi D9 kwa ya kulia, na D10 kwa servo. D0 na D1 ziache, zinatumika kuingizia programu. Ukitumia AccelStepper, maktaba ya programu ya kuendesha stepa, pini zitajwe kwa mpangilio wa 1, 3, 2, 4. Ukizitaja 1, 2, 3, 4 mota itanguruma na kutetemeka bila kuzunguka, au itazunguka upande mmoja tu. Mota haijaharibika, usiirudishe dukani.

Programu

Wazo la kuiongoza roboti kwa amri zinazotazamwa kutoka mahali ilipo yenyewe, mbele kiasi hiki, kulia kiasi hiki, lina umri mrefu. Lugha ya Logo iliundwa Marekani mwaka 1967 na Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon, na baadaye kidogo ikaongezwa roboti ya sakafuni iitwayo kobe, yenye kalamu tumboni, iliyoendeshwa na watoto. Hakuna haja ya kubuni zaidi ya hapo. Amri nne zinatosha, na Arduino haikatazi kuzipa majina ya Kiswahili: mbele, kushoto, inua, shusha. Kulia ni kushoto kwa namba hasi.

Magurudumu yapigishwe hatua pamoja ndani ya mzunguko mmoja wa programu: hatua moja kushoto, hatua moja kulia, subiri. Ukimaliza hatua zote za kushoto kisha uende za kulia, roboti itatembea kama bata. Kusubiri kuwe mikrosekunde 1,500 kwa kila nusu-hatua. Hapo gurudumu linafanya karibu mizunguko 10 kwa dakika na roboti inakwenda kama mm 34 kwa sekunde. Waweza kushuka hadi 1,200. Ukikaribia 1,000 mota huanza kuruka hatua, tena kimyakimya.

Hesabu za hatua ziweke kwenye aina ya long, ile ya namba kubwa, badala ya int. Int ya Nano inaishia 32,767, na jaribio la kugeuka mara kumi ambalo tunalifikia sasa hivi linahitaji hatua zaidi ya 68,000. Namba itapinduka na roboti itageuka kiasi cha ajabu, nawe utadhani vipimo vyako ni vibovu. Tena usitupe desimali. Nyuzi 10 zinaweza kuwa hatua 190.24, ukikata kuwa 190 kila mara, miraba 36 baadaye umepoteza karibu nusu ya digrii. Tunza salio, uliongeze kwenye amri inayofuata.

Kupima

Fuata mpangilio huu, maana kipimo cha pili kinategemea cha kwanza.

Kwanza kipenyo. Weka kwenye programu kipenyo cha mm 66, umbali wa magurudumu mm 110, na hatua 4,075.77. Amuru mbele 400. Pima mstari kwa rula ya chuma. Tuseme umepata 394. Kipenyo halisi ni 66 × 394 ÷ 400, yaani mm 65.0. Rudia mara tano, chukua wastani. Hata kama mota yako ni ya 64 kamili, kipimo hiki kitaimeza tofauti hiyo, kwa sababu kinachohitajika mwisho wa yote ni hatua kwa milimita.

Pili, umbali wa magurudumu. Chora alama nyembamba mbele ya roboti na nyingine karatasini. Amuru igeuke nyuzi 3,600, mizunguko kumi. Ikipita alama kwa nyuzi 25, imegeuka 3,625, na umbali halisi ni 110 × 3,600 ÷ 3,625, yaani mm 109.2. Kwa namba hizi mzunguko mmoja wa palepale ni hatua 6,849. Usipime umbali huu kwa rula ukaridhika: sehemu oringi inapogusa karatasi haionekani kwa jicho.

Tatu, tofauti kati ya magurudumu yenyewe. Chora mraba mkubwa wa mm 400 ukipinda kushoto, kisha mwingine ukipinda kulia kutoka mwanzo uleule. Njia hii ya kwenda pande zote mbili iliwekewa hesabu kamili na Borenstein na Feng wa Chuo Kikuu cha Michigan katika miaka ya 1990, na maana yake kwa roboti ndogo ni hii. Ikiwa kona zote ni pana mno au nyembamba mno kwa miraba yote miwili, umbali wa magurudumu bado haujakaa sawa. Ikiwa pande zenyewe zimepinda, zikielekea kulia siku zote uende upande wowote, gurudumu la kulia ni dogo kuliko la kushoto. Tofauti ya mm 0.1 tu kwenye kipenyo husogeza ncha ya mstari wa mm 400 kwa zaidi ya milimita moja. Weka vipenyo viwili tofauti kwenye programu, kimoja kwa kila gurudumu, urekebishe kidogokidogo. Mstari ukiwa unapinda huku na huku kama nyoka, na mawimbi yake yanajirudia kila mm 204, hapo tatizo ni diski isiyozunguka kwenye kitovu chake. Rudi kwenye drili na msasa.

Nne, pleyi. Gia za mota hii zimelegea, na gurudumu likibadili mwelekeo hatua za kwanza huliwa bure. Peleka gurudumu mbele, kisha rudisha hatua moja moja ukihesabu hadi lianze kusogea. Nyuzi 2 za pleyi ni hatua 23, na karatasini ni zaidi ya milimita moja. Kila gurudumu linapogeuza mwelekeo, programu iongeze hatua hizo bila kuzihesabu kwenye mchoro. Pima kila mota peke yake, hazilingani.

Baada ya hayo bado kutakuwa na kosa, labda sehemu moja ya kumi ya asilimia, na zaidi siku ambayo vumbi limeingia kwenye oringi. Vumbi la karatasi ndilo linalofanya roboti iliyochora vizuri asubuhi iharibu jioni. Futa oringi kwa kitambaa chenye maji kidogo kabla ya kila mchoro.

Kupanga mchoro ili makosa yafutane

Hapa ndipo ufundi unapokutana na sanaa. Rudi kwenye ua la miraba 36. Badala ya kuizungusha yote upande mmoja, simama mara 18, nyuzi 20 kutoka kituo hadi kituo. Katika kila kituo chora mraba mmoja kwa kupinda kushoto, kisha mwingine kwa kupinda kulia. Mraba wa kulia unaangukia palepale ambapo mraba wa kushoto wa nyuzi 90 nyuma yake ungekuwa, na kwa kuwa 90 haigawanyiki kwa 20, miraba ya kulia huziba nafasi zilizoachwa na ya kushoto. Unapata miraba ileile 36. Lakini kosa la nyuzi 360 za kushoto hufutwa na kosa la nyuzi 360 za kulia, na kinachokusanyika ni kosa la zile nyuzi 360 za kuhama vituo peke yake. Nusu asilimia iliyokuwa nyuzi 66 sasa ni nyuzi 1.8. Usijaribu mkato wa kupishanisha kushoto na kulia kila nyuzi 10: miraba itaangukiana miwili miwili na utabaki na 18 tu.

Ua zima lina mita 14.4 za mistari na huchukua kama dakika 13 na nusu. Bandika karatasi kwa selotepu pande zote nne, na kama ni manila mbili zilizounganishwa, unganisha kwa nyuma. Ukingo wa karatasi unatosha kuipoteza roboti njia. Sakafu ya vigae nayo ina mifereji. Tandika ubao wa hadibodi chini.

Ukichoka na miraba, nenda kwenye tao. Ua la petali sita linalochorwa kwa bikari, jamaa wa maua ya mviringo yaliyochongwa kwenye milango ya Lamu na Unguja, ni tao la nyuzi 60, geuka 120, tao la 60, geuka 120, kisha zunguka 60 kwa petali inayofuata. Kwa tao la nusukipenyo cha mm 150, gurudumu la nje linasafiri mm 214 na la ndani mm 100, na programu lazima igawanye hatua hizo kwa uwiano ili zianze na kuisha pamoja. Tao lenye nusukipenyo kidogo kuliko nusu ya umbali wa magurudumu, yaani chini ya mm 55 hapa, hulilazimisha gurudumu la ndani kurudi nyuma, na pleyi inaingia tena. Kwa hiyo petali ziwe kubwa.

Rangi iachie mkono. Harold Cohen, mchoraji Mwingereza aliyehamia California, katika miaka ya 1970 aliwahi kutumia kobe wa namna hii kuchora mistari iliyopangwa na programu yake ya AARON, na michoro mingi ya programu hiyo aliipaka rangi mwenyewe. Mgawanyo huo wa kazi unakaa vizuri kwenye hadibodi ya sm 60 kwa 60, kipimo ambacho wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam wamekizoea tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968. Ubao upake kwanza rangi ya maji isiyong'aa, uache ukauke usiku mzima. Kwenye rangi ya mafuta inayong'aa oringi hazishiki. Roboti ichore mistari kwa makapeni isiyofutika, kisha brashi ijaze rangi ya mafuta. Jaribu wino huo pembeni kwanza: baadhi ya makapeni huyeyuka rangi ya mafuta inapopita juu yake, na mstari mweusi uliochukua dakika kumi na tatu hugeuka ukungu wa kijivu mbele ya macho yako.